Mafuta ya Akiba Safarini: Beba kwa Hesabu, Si kwa Hofu

Anayejiandaa kuvuta trela la kambi kwenda Ziwa Turkana hakosi kuuliza abebe mafuta kiasi gani, na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba abebe kadiri awezavyo. Jibu hilo linatolewa kwa nia njema, lakini si zuri. Katika vyote vilivyopakiwa kwenye gari na trela, iwe hema, jiko, betri au maji, hakuna kitu chenye hatari kama mafuta yaliyo nje ya tangi la gari. Watu huanza kuuliza habari za jerikeni gani lifaalo na kamba gani ya kulifungia, ilhali usalama wa mzigo huo unaanza mapema zaidi, pale unapopiga hesabu ya lita. Ukishajua unahitaji lita ngapi hasa, utaona kwamba maswali ya chombo, mahali pa kukiweka na wakati wa kumimina yanajibika bila taabu. Usipojua, utabeba kwa hofu, na hofu siku zote hubeba kupita kiasi.

Tuchukue njia moja ya kaskazini mwa Kenya: kutoka Marsabit kupita Kalacha, North Horr, Loiyangalani, South Horr na Baragoi hadi Maralal. Ni takribani kilomita 500, na mahali pa kutegemea kupata mafuta ni kwenye ncha zake mbili, Marsabit na Maralal. Katikati mafuta huuzwa pia, pengine kutoka kwenye mapipa, ila leo yapo na kesho yameisha. Pikapu ya dizeli inayokwenda kilomita 10 kwa lita kwenye lami ikiwa haina mzigo haiwezi kupigiwa hesabu hiyohiyo ikivuta trela la kilo 900 juu ya mawe meusi ya volkeno na mchanga wa jangwa la Chalbi. Gia nzito na matairi yaliyopunguzwa upepo huishusha hadi kilomita 5 kwa lita. Kilomita 500 kwa mwendo huo ni lita 100. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia, kuzunguka lugga (mto wa msimu) iliyojaa maji na kukwama huku injini inanguruma: zinakuwa lita 125. Tangi la lita 80 likijaa, hesabu lita 75 tu za kutumia, kwa sababu uchafu na maji hukaa chini ya tangi na si vyema kulikausha. Zinabaki lita 50. Majerikeni matatu ya lita 20 yanatosha na kusaza.

Tarakimu hizo ni za mfano, na gari lako lina zake. Zitafute kabla ya siku ya safari: pakia trela kama utakavyolipakia siku yenyewe, jaza tangi hadi juu, endesha kilomita 100 hivi kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena. Lita zilizoingia ndizo zitakazokwambia ukweli, si kijitabu cha gari wala mshale wa dashibodi. Pia uliza hali ya barabara ilivyo mwaka huu. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis kwenda Sarima, iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo karibu na ziwa, imepunguza sana adha ya kufika Loiyangalani, na msafiri anayepita huko hana sababu ya kupiga hesabu za njia ya zamani.

Hapa ndipo mtu atasema kwamba heri mafuta yabaki kuliko yapungue, kwani kuishiwa katikati ya Chalbi kunaweza kugharimu uhai. Ni kweli, na ndiyo sababu ile robo imeongezwa. Lakini ziada juu ya ziada inadai bei yake. Jerikeni la chuma la lita 20 lililojaa dizeli lina uzito wa kilo 21 hivi, kwa hiyo majerikeni manane yanakaribia kilo 170, sawa na abiria wawili wazima, na uzito huo wenyewe unakula mafuta. La pili ni kwamba majerikeni matatu yana mahali pazuri pa kukaa. Lile la nne na kuendelea halina, hivyo huishia kwenye keria juu ya paa, au nyuma kabisa ya trela, au miguuni mwa watoto. Anayetaka akiba kubwa zaidi ana njia za kuipata bila kuongeza hata lita moja: apunguze mwendo kwenye lami, kwa kuwa ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi na trela refu huuhisi zaidi. Asafiri na gari la pili. Na akitaka kwenda Koobi Fora ndani ya hifadhi ya Sibiloi, aliache trela kambini kwa watu anaowaamini, aende na gari peke yake. Kuliacha trela siku mbili huokoa mafuta mengi kuliko yale ambayo wengi wanayabeba kwa wasiwasi.

Kwa nini kuwa mkali hivyo juu ya lita chache? Kwa sababu kinachowaka si mafuta yenyewe bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Turkana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai ukapotea. Hutambaa chini kama maji yanayotafuta bonde, hujikusanya kwenye sakafu ya trela, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la betri, na huhitaji kufikia asilimia 1.4 tu ya hewa ili cheche moja iuwashe. Watu wa Kenya na Tanzania wamelipa gharama kubwa mno kulijua hili. Pale Sachangwan mnamo Januari 2009 na Msamvu, Morogoro, mnamo Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa katika kila ajali baada ya malori ya mafuta kupinduka na mafuta kuwaka katikati ya umati. Jerikeni si lori, lakini petroli ni ileile na mvuke ni uleule.

Dizeli ni nyingine. Ili itoe mvuke wa kutosha kuwaka, yenyewe inapaswa kupata joto la zaidi ya nyuzi 50, na kutokana na hilo wengi husema kwamba dizeli haiwaki. Msemo huo una ukweli nusu. Bati la trela lililoshinda juani Kalacha laweza kupita joto hilo. Dizeli iliyochuruzika juu ya ekzosi inaweza kuwaka, iliyolowa kwenye tambara au turubai huwaka kama utambi, na iliyorushwa kama manyunyu kutoka kwenye bomba lililotoboka haisubiri kupata joto kwanza. Iheshimu, ila tambua tofauti, kwa sababu tofauti hiyo inatupeleka kwenye uamuzi ambao naona ndio mkubwa kuliko wote kwa mwenye gari la dizeli: usibebe petroli kabisa. Mara nyingi petroli huingia safarini kwa ajili ya jenereta ndogo ya kuchajia simu na kuendesha friji. Lita tano za petroli kwenye jerikeni la plastiki, zimewekwa ndani ya boksi la trela kando ya mtungi wa gesi, ni hatari kubwa kuliko lita 60 za dizeli zilizofungwa vizuri nje. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya trela na betri nzuri vitafanya kazi ya jenereta hiyo, na kaskazini kule jua halikosekani. Najua paneli na betri vina bei. Lakini kinachonunuliwa hapo ni usingizi wa familia iliyolala hatua mbili kutoka mahali mafuta yalipo.

Mwenye gari la petroli hana hiari hiyo, na kwake kila neno linalofuata lina uzito maradufu. Tuanze na chombo. Jerikeni la chuma lenye kifuniko cha kubana kwa mkono wa chuma lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana kwa sababu kila sehemu ina kazi. Vishikio vitatu vinawezesha mtu mmoja kubeba mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili kubeba moja lililojaa. Nundu iliyo nyuma ya shingo huhifadhi hewa ili mafuta yapate pa kutanukia. Maungio yake yamezama ndani ili yasigongwe. Katika vita vya jangwa la Afrika Kaskazini, Waingereza walikuwa wakitumia madebe ya bati jembamba yaliyovuja ovyo njiani, wakawa wanayathamini majerikeni ya Wajerumani waliyoyateka kuliko ya kwao, hatimaye wakaiga umbo lile. Barabara ya Baragoi inatikisa vyombo vya mafuta kama jangwa lile lilivyovitikisa.

Sasa litazame jerikeni la manjano la mafuta ya kupikia, ambalo ndilo wengi hulitumia. Liweke juani na dizeli ndani, utaona mbavu zake zinavimba na chini panakuwa duara, mpaka halisimami wima. Kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia shinikizo, na ndiyo maana watu hukata kipande cha nailoni wakakikunja chini ya kifuniko kabla ya kukifunga. Hiyo nailoni yenyewe ni ushahidi kwamba chombo hakifai. Atakayepinga atasema kwamba waendesha bodaboda na wenye maduka vijijini wanabeba petroli kwenye majerikeni hayo kila siku, na vijiji havijateketea. Ila bodaboda hubeba lita chache kwa dakika chache, na halali juu yake. Msafiri wa trela anakaa na mzigo wake siku nne au tano, kwenye mtikisiko na joto, jiko likiwaka jirani. Tena haitupasi kudhani kwamba mazoea hayo hayadhuru watu, kwa kuwa moto wa mtu mmoja kijijini hauandikwi magazetini. Kama huwezi kupata la chuma, tafuta la plastiki nene lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya gari na lenye maandishi yanayosema hivyo. Ukinunua la chuma lililotumika, chungulia ndani na tochi kama lina kutu, kisha bonyeza mpira wa kifuniko kwa ukucha. Ukipasuka au ukibaki na alama, ubadilishe. Jaribio la mwisho ni kulijaza na kulilaza ubavu juu ya karatasi ngumu usiku kucha, nje ya nyumba, mbali na moto. Asubuhi karatasi itakuonyesha kama linavuja.

Kuhusu mahali pa kulifunga, watu wengi hupendelea nyuma ya trela kwa sababu ni rahisi kufikia. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, na sababu si hofu ya kugongwa na gari la nyuma peke yake. Trela la kilo 900 linahitaji sehemu ya uzito wake, karibu moja ya kumi, iegemee kwenye ndoano ya gari. Uzito ukipungua pale mbele, trela huanza kupiga mkia, na likishika kasi ya kuyumba dereva hana tena uwezo nalo. Chukua trela ambalo kutoka ndoano hadi ekseli ni mita tatu, na kutoka ekseli hadi nyuma ni mbili. Majerikeni matatu ya kilo 21 kila moja yakifungwa nyuma kabisa huinua kilo 42 kutoka kwenye ndoano, karibu nusu ya uzito uliotakiwa kuwa pale. Juu ya keria ya paa nako yanapandisha uzito, na gari huwa jepesi kupinduka kwenye mteremko wa South Horr. Ndani ya gari au ndani ya sehemu ya kulala, petroli haiingii kamwe.

Mahali panapofaa zaidi ni tangi la pili lililofungwa chini ya gari na fundi anayejua kazi, katikati ya chesisi, lenye bomba la kupumulia. Anayesafiri mara kwa mara afikirie kulipia tangi hilo kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kambi. Kwa wengine, majerikeni yasimamishwe wima nje ya trela, mbele kidogo ya ekseli, ndani ya vizimba vya chuma vilivyochomelewa kwenye fremu, na yafungwe kwa mkanda wenye kikazio cha meno, kwani mpira wa tairi uliokatwa hulegea kwenye makorongo. Sehemu hiyo ina adui wake: mawe yanayorushwa na matairi ya gari. Weka bati au mkeka mnene wa mpira mbele yake. Hakikisha nyaya za taa za trela hazipiti nyuma ya vizimba hivyo, kwa kuwa waya uliochubuka ukigusa chuma hutoa cheche palepale mafuta yalipo. Jiko, mtungi wa gesi na friji viwe upande wa pili wa trela. Kizimamoto cha unga kikae kwenye gari upande wa dereva na kingine jikoni. Kile cha kilo moja ambacho wengi wanacho kwa ajili ya ukaguzi wa polisi huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo chukua cha kilo mbili au zaidi.

Kujaza kuna kanuni moja ambayo watu huivunja kwa uvivu wa kushusha mzigo. Jerikeni lazima liwekwe chini, kwenye ardhi. Mafuta yanapopita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli, na jerikeni lililo juu ya kapeti la buti au juu ya plastiki ya pikapu halina njia ya kuupeleka umeme huo ardhini, kwa hiyo hujikusanya mpaka ukaruka kama cheche kwenye mdomo wa chombo. Mwaka 1998 taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa onyo kuhusu mioto ya aina hii baada ya watu kuungua wakijaza makopo ya petroli nyuma ya pikapu zao. Weka jerikeni chini, gusa chuma kwa mkono kwanza, ncha ya pampu iguse shingo ya jerikeni muda wote, na umwombe mhudumu ajaze polepole. Acha nafasi ya lita moja. Marsabit iko juu ya mita 1,300 na asubuhi zake zina ukungu na baridi, lakini jioni hiyohiyo utakuwa Chalbi, na lita 20 za mafuta zikipata joto la nyuzi 30 zaidi zinatanuka kwa nusu lita hivi. Jambo jingine ambalo hata mafundi hulisahau: jerikeni lililokuwa na petroli lisijazwe dizeli, na la dizeli lisijazwe petroli. Mabaki ya mvuke wa petroli yakipunguzwa na dizeli huweza kuangukia kwenye kiwango kilekile kinacholipuka, wakati dizeli inayoingia inazalisha umeme tuli. Andika aina ya mafuta kwenye jerikeni kwa herufi kubwa za rangi, pande zote mbili.

Mafuta ya akiba hayabebwi ili yafike mwisho wa safari. Mara tangi linapopata nafasi ya lita 20, simama mchana ulimimine jerikeni la kwanza. Wapo wanaoona ni afadhali kuyatunza hadi taa ya tangi iwake, lakini kufanya hivyo ni kurefusha siku za hatari bila faida yoyote, kwani lita ni zilezile popote zilipo, na zikiwa ndani ya tangi zipo kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Zima injini na uiache ipoe, zima jiko na friji, watoto wasogee upande upepo unakotoka, usifanye usiku kwa mwanga wa taa ya chemli. Tumia shingo ya kumiminia inayojikunja au faneli yenye chujio. Yakimwagika, funika kwa mchanga na usogeze gari kabla ya kuliwasha.

Na tafadhali, usivute mafuta kwa mdomo. Ni mazoea yaliyoenea kuanzia gereji za Nairobi hadi bandari za uvuvi, na watu huyaona kama ufundi. Tone dogo la petroli au dizeli likipita njia ya hewa huweza kuunguza mapafu na kuleta nimonia, na mtu anayeonekana mzima kwa nusu saa anaweza kushindwa kupumua kabla ya usiku kuisha. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu anapotapika ndipo mafuta huingia mapafuni, bali apelekwe hospitali mara moja, na kutoka North Horr hospitali kubwa iko mbali. Mpira wenye vali ya shaba unaotikiswa ndani ya jerikeni hadi mafuta yaanze kutiririka ni wa bei ndogo.

Kuna wanaopendekeza kutobeba kitu na kununua njiani kwenye chupa na mapipa. Kwa dharura, sawa. Kwa mpango, hapana. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kutia alama ya siri kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Dizeli iliyochanganywa hulainisha pampu ya sindano pungufu ya inavyotakiwa, na pampu ikifa Baragoi hutapata nyingine Baragoi. Ukilazimika kununua, chuja, acha yatulie kwenye chupa ya kioo dakika kumi uangalie kama maji yanajitenga chini, kisha uyamimine kwenye tangi lenye mafuta mazuri tayari.

Ukifika Maralal majerikeni yatakuwa matupu, na hapo wengi huyatupa popote kwenye trela wakidhani kazi imekwisha. Jerikeni tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwani lililojaa halina hewa ya kutosha ndani kuchanganyika na mvuke, na tupu linayo. Lifunge kwa mkanda palepale lilipokuwa, kifuniko kikiwa kimebanwa, hadi nyumbani. Huko lifungue kivulini, nje, lipigwe upepo siku kadhaa, kisha ulihifadhi mbali na jiko na mbali na chumba cha kulala. Likitoboka usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea hata akikuhakikishia kwamba amelisuuza kwa maji. Kutu na maungio hushika mafuta ambayo joto la kuchomelea huyafanya mvuke upya, na mapipa na majerikeni yaliyodhaniwa kuwa matupu yameua mafundi wengi. Litoboe tundu jingine kwa msumari na nyundo ya shaba baada ya kulijaza maji, ili asitokee mwingine wa kulitia petroli, na ununue jipya.